Msomaji wa Visima wa Mapinga

Nianze na kinyongo changu ili nikimalize: mtu ninayetaka kumsifu hapa aliwahi kuninyima kazi niliyoitamani kuliko kazi yoyote maishani mwangu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani kwake Mapinga. Aliisoma barua yangu ya kuacha ualimu, akaikunja mara mbili, akanirudishia, akaniambia nirudi Bagamoyo nikafundishe. Nilimchukia karibu mwaka mzima. Sasa namwandika kwa mapenzi, kwa hiyo msomaji anivumilie nikizunguka kidogo kabla ya kufika tena kwenye barua hiyo.

Tulimwita Mhandisi. Jina analo na ukoo anao, lakini hayo waulizwe ndugu zake. Mimi nilimjua akiwa tayari na mvi, amerudi kutoka ng'ambo, amejenga nyumba ya vyumba vinne nyuma ya barabara ya Bagamoyo, wakati Mapinga bado ina mashamba mengi kuliko mageti. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Alinipata kwa kuuliza mtaani nani anajua hesabu na hana maneno mengi. Walimwambia hesabu ninazijua.

Kazi yake ilikuwa kukadiria. Kuna nchi za mbali ambako mafuta yamejificha ndani ya mwamba, tope la kale lililogeuka jiwe. Mafuta yamo, ila hayatembei. Basi huchimba kwenda chini, halafu hupinda kwenda pembeni, kisha husukuma maji na mchanga kwa nguvu mpaka mwamba unapasuka nyufa nyingi, na mafuta yaliyo karibu na nyufa yanakimbilia kisimani. Miezi ya mwanzo kisima kinamwaga, wenyewe wanashangilia. Halafu kinaanza kushuka, tena kwa kasi, kwa sababu mafuta yaliyo mbali na nyufa yanakuja kwa kujikokota. Wenye kisima wanataka kujua jambo moja tu: kitashuka mpaka wapi, na kitaishi miaka mingapi. Kampuni ndogo ya huko ilikuwa ikimtumia Mhandisi takwimu za kila siku za visima vyake, naye akikaa Mapinga, na kompyuta mbili na betri za sola kwa ajili ya siku za kukatika umeme, anawaandikia jibu.

Majirani hawakuielewa kazi hiyo, na wala siwalaumu. Walisikia neno mafuta, wakamwita Mzee wa Mafuta, na siku moja mama mmoja alikuja na galoni mkononi kuuliza kama ana ya taa. Mhandisi hakucheka. Alimkaribisha akamweleza kwa dakika ishirini kwamba hana hata chupa, kwamba yeye anayajua tu mafuta ya watu. Yule mama alimsikiliza kwa adabu zote, halafu akauliza petroli je.

Alikuwa na kipaji cha kueleza, lakini kilitegemea nani anamsikiliza. Wanawake waliokuja kumtembelea mkewe, Mama Zuhura, waliwahi kumbana aseme anafanya nini siku nzima mle ndani. Akawaambia, "Mkikuna nazi mkaikamua, tui la kwanza si huwa zito? La pili jepesi. La tatu maji meupe. Basi mimi naonjeshwa tui la kwanza, naulizwa la tatu litakuwaje." Mmoja wao akamjibu, "Hilo tu? Si ungeniuliza mimi, mzee wangu, usingehangaika na masomo ya ng'ambo." Alinisimulia hayo akijifuta machozi ya kicheko, na akasema mama yule angewafaa mabwana wawili ambao yeye Mhandisi aliwahi kuwatumikia huko ng'ambo, maana hao walionja tui la kwanza wakapanga upishi wa mwaka mzima.

Msemo wake mkubwa ulikuwa swali: "Umeona au umeambiwa?" Aliwauliza watu wote, bila kuchagua. Fundi akimwambia simenti imepanda bei, umeona au umeambiwa? Dalali wa viwanja akimwambia kule ndani lami inakuja mwakani, umeona au umeambiwa? Mimi nilimwona akimuuliza hivyo shemeji yake msibani, shemeji huyo alipokuwa akieleza jinsi marehemu alivyokata roho huku anatabasamu. Mama Zuhura alimkanyaga mguu palepale mkekani, naye akageuka kumuuliza kwa nini anamkanyaga. Hakuwa mtu wa kufichiwa maneno, na hakujua kuyaficha.

Kufundishwa naye ni jambo ambalo sijalisahau. Nilimfanyia kazi wakati wa likizo na siku za Jumamosi, nikilipwa kwa kila kundi la visima nililolimaliza. Kwanza alinikataza kugusa kompyuta. Alinipa karatasi ya grafu na penseli, akanisomea namba za kisima kimoja, siku baada ya siku, nikizitia nukta kwa mkono. Nilimwambia kompyuta ingefanya kazi hiyo mara moja. "Itafanya," alisema, "na wewe hutaona kitu." Baada ya wiki mbili nilianza kuona. Nukta zilianza juu kabisa, zikaporomoka, halafu zikaanza kulala, na kila kisima kililala kwa namna yake. Nimefundisha hisabati miaka mingi kwa watoto wanaoniuliza itawasaidia nini, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na hesabu ambayo mahali fulani duniani kilikuwepo kitu kinachoitii au kinachoikataa. Nilirudi nyumbani siku hizo nikiwa na furaha ya kijinga, nikipika huku nafikiria mteremko wa kisima.

Kosa langu la kwanza kubwa nalikumbuka vizuri kwa sababu alilifurahia. Kulikuwa na kisima kimoja kilichoshuka vibaya, halafu kikafungwa wiki tatu kwa ajili ya matengenezo. Kilipofunguliwa kikaruka juu, karibu maradufu. Nikafuta mstari wangu wa zamani, nikachora mpya kuanzia pale juu, nikampelekea nikitembea kifua mbele. Nilikuwa nimekipa kisima kile maisha marefu kuliko ndugu zake wote. Aliutazama mchoro, akanitazama mimi.

"Mwalimu, wewe ni Mwislamu?"

"Alhamdulillahi, Mhandisi, unanijua."

"Ramadhani, adhana ya magharibi ikilia, mumeo anakula vipi?"

"Anakula sana."

"Basi ukikaa na daftari ukaandika sahani alizokula saa hiyo, ukasema hivi ndivyo mume wangu anavyokula mwaka mzima, utakuwa umesema kweli?"

Nilielewa kabla hajamaliza, na niliona aibu. Kisima kilichofungwa kinajikusanyia nguvu chini, kikifunguliwa kinamwaga siku chache, halafu kinarudi palepale kwenye mteremko wake. Alisema wahandisi wenye vyeti vikubwa kuliko chake wameingia shimo hilo, wengine kwa kutojua na wengine kwa kupenda, kwa sababu mstari unaopanda unapendeza kuonyesha wakubwa. Mchoro wangu hakuutupa. Aliubandika ukutani kwa gundi, na kila mgeni aliyeuliza aliambiwa ni kazi ya Mwalimu.

Lakini asidhaniwe kuwa alikuwa na hekima kila mahali. Mtu huyu, aliyejua kwamba ngoma ivumayo haidumu na aliyekula mkate wake kwa kujua hivyo, alikuwa na shamba la mananasi Kiwangwa ambalo halijawahi kumlipa. Kila msimu mambo yalikuwa yaleyale. Mara wanyama, mara jua, mara lori limeharibika Chalinze na mananasi yameoza juu yake. Na kila msimu alisema wa mwakani utakuwa mzuri. Nilimuuliza ameona au ameambiwa. Akaagiza chai. Timu yake ya mpira ya Dar nayo ilikuwa bingwa kila Agosti kabla ligi haijaanza, na hapo ukimletea hesabu anakufukuza. Mama Zuhura alikuwa na msemo wake: "Visima vya watu anavijua. Shamba lake halijui."

Kulikuwa na jambo moja alilolisimulia mara moja tu, asubuhi ya mvua, umeme umekatika, tumekaa hatuna kazi. Alipokuwa bado huko ng'ambo, katika mji mdogo wa nchi kame, aliulizwa visima vya eneo lile vitaishi miaka mingapi. Alitazama miezi sita ya kwanza, akachora mstari, akasema ishirini. Namba ile ikatoka ofisini, ikaingia mtaani. Kulikuwa na mama aliyekuwa akiwapikia wafanyakazi maharage na nyama, na Mhandisi alikuwa akila kwake kila mchana. Mama yule akauza alichokuwa nacho akajenga vyumba vya kulala wageni, kumi na viwili, kwa ajili ya wafanyakazi wa miaka ishirini. Mwaka wa tatu visima vilikuwa vimelala chini, na wafanyakazi wamehama. Siku Mhandisi anaondoka mji ule alimkuta yule mama anatoa magodoro nje, moja moja, anayaegemeza ukutani. "Alinisalimia vizuri," Mhandisi alisema. "Hakujua kwamba ni mimi." Umeme ukarudi, tukaendelea na kazi.

Tangu hapo, alisema, akipata namba hukata. Akipata kumi, husema nane. Mimi nikaona hiyo ndiyo busara ya mtu mzima, na nikaiga. Hata mitihani ya wanafunzi wangu nilianza kuikisia chini, nikawa sishangazwi.

Sasa nirudi kwenye barua.

Mwaka wa nne wa kufanya naye kazi, visima vilikuwa vingi mno kwa Jumamosi. Kampuni ilikuwa ikituma makundi mawili mawili. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili huku akili iko Mapinga. Nikaamua. Niliandika barua ya kuacha kazi ya serikali, kazi ya kudumu, yenye pensheni, ambayo mama yangu aliisomea dua nilipoipata. Nikampelekea Mhandisi kwanza, aisome, aniambie kwamba ataniajiri siku zote za wiki.

Aliniuliza nimebakiza miaka mingapi mpaka kustaafu. Nikamwambia. Akaingia ndani, akakaa muda mrefu, nikasikia kompyuta yake ikilia. Alipotoka alikuwa na karatasi lakini hakunionyesha. Akasema kazi yetu nayo ni kisima. Alikuwa amepiga hesabu ya makundi yanayokuja, visima vipya vinavyochimbwa, na kampuni yenyewe.

"Miezi kumi na minane," alisema. "Baada ya hapo hakuna kitu. Rudi shuleni, Mwalimu."

"Nionyeshe."

"Hapana."

"Miaka yote hii unanifundisha nisiamini nisichokiona, na leo unataka nikuamini tu?"

"Leo niamini tu."

Nikachukua barua yangu. Nilitembea mpaka barabarani nikilia, na sitaki kulipamba jambo hilo: nililia kama mtoto aliyenyimwa. Nilidhani ni choyo. Nilidhani anaogopa mwanamke wa Bagamoyo asije akaijua kazi kuliko yeye. Likizo iliyofuata sikwenda, na iliyofuata pia. Baadaye nikaanza kwenda siku za Idi, nashika mkono, nakula biriani ya Mama Zuhura, tunazungumza mpira, naondoka. Kazi hatukuitaja. Nilijua bado anaifanya, maana taa ya kompyuta niliiona chumbani, ila niliamini ni mabaki. Miezi kumi na minane ilipita, ikapita mingine, nami nikaacha kuhesabu, kwa sababu mwenye kuhesabu alikuwa yeye.

Mwezi uliopita Mama Zuhura alinipigia simu. "Anakuita," alisema. "Njoo Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali."

Nilimkuta barazani, kwenye kiti kilekile au ndugu yake. Amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akageuza uso kuelekea sauti yangu, si kuelekea mimi, na hapo nikajua habari ya macho, ambayo siku za Idi, katikati ya wageni, sikuigundua. Presha ya macho, Mama Zuhura alinieleza, imemla pembeni pote, sasa anaona katikati kidogo kama anachungulia tundu la ufunguo. Kwa mwaka mzima Mama Zuhura ndiye aliyekuwa akimsomea namba za visima asubuhi, siku baada ya siku, naye anazichora kwenye kitambaa cha meza kwa kidole. Mama Zuhura hakusoma zaidi ya darasa la saba. "Sasa hata mimi najua kisima kinachodanganya," aliniambia, na nikaona alivyojivuna, na alivyochoka.

"Kaa, Mwalimu," Mhandisi alisema. "Nina kosa la kukusomea."

Nikakaa.

"Nilikwambia miezi kumi na minane. Huu ni mwaka wa sita, na leo wameleta makundi mawili."

Nikasema watu hukosea, hata yeye alinifundisha hivyo.

"Sikukosea. Siku ile nilipiga hesabu, ikatoka miaka mitano, labda na zaidi. Nikakata. Nikaikata mpaka ikawa kitu kidogo cha kukurudisha shuleni. Nilikuona unatoa magodoro nje. Ukikadiria juu, watu wanakuja kukulaani, na wana haki. Ukikadiria chini hakuna anayekuja. Hakuna mtu anayebisha hodi kusema umemnyima kitu ambacho hakukijua. Mimi nilijificha huko, nikaita tahadhari. Wewe ndiye uliyelipa, na kila Idi ulikuja ukanishika mkono. Naomba radhi, Mwalimu."

Nilikasirika. Miaka sita nimesimama mbele ya ubao nikiamini kwamba niliokolewa. Nilitaka kuinuka niondoke kama siku ile. Lakini nilimtazama pale alipoketi, uso ameuelekeza mahali alipodhani nipo, akisubiri bila kujitetea, na nikafikiria ni watu wangapi nimewajua ambao wangeweza kuifukua namba kama ile na kuileta wenyewe. Angeweza kufa nayo. Mimi ningemlilia nikimshukuru.

"Nimekusamehe," nilimwambia, na ilikuwa karibu kuwa kweli.

"Basi njoo uichukue kazi. Mama Zuhura amechoka, na mimi sioni."

Nikamwambia Jumatatu napeleka barua kwa mkuu wa shule.

Alikunja uso. "Umepiga hesabu gani?"

"Sijapiga."

"Hujapiga?" Hapo ndipo alipokasirika yeye, kikweli, mpaka Mama Zuhura akatoka jikoni kuangalia kuna nini. "Unaacha pensheni kwa sababu mzee kipofu amekuomba? Lete karatasi. Kaa hapo upige, kila kitu kwa sauti, nisikie."

Nikapiga. Makundi ya kila mwezi, visima vipya vilivyopungua, umri wa kampuni, macho yake, miaka yangu niliyobakiza shuleni. Tulibishana kuhusu kila namba, na safari hii hakukata kitu wala hakuniruhusu kuongeza. Adhana ya adhuhuri ilitukuta tunamaliza. Jibu lilitoka baya: kazi ya visima ingekwisha kabla ya mwaka wangu wa kustaafu. Alinitaka nilisome mara mbili, nikalisoma mara mbili, akakubali kwamba ni sahihi.

Nikamshukuru, nikaenda nyumbani kuandika barua ya kuacha kazi.